Susu Aliogopa Mionzi Kwa Sababu Yangu

Hii ni ndefu na haina vichekesho vingi. Kama uko kwa matatu na bando inakaribia kuisha, ihifadhi uisome jioni. Lakini uisome.

Wale mmenifuata kitambo mnakumbuka vidio yangu ya mwaka jana kuhusu mionzi. Sekunde 47. Nimesimama kando ya mlingoti wa simu hapa nje ya Wote, nimevaa miwani ya jua, naongea kwa ile sauti yangu ya "hawataki ujue hii". Nilisema mionzi ni sumu. Nilisema ukipigwa eksirei inabaki mwilini miaka na miaka, inakula damu polepole. Nilisema wakubwa wanajua na wamenyamaza. Ilitazamwa na watu 61,000. Hakuna kitu changu kimewahi kufika hapo, kabla yake wala baada yake.

Mmoja wa hao 61,000 alikuwa Susu.

Susu ni nyanya, kwa wale si Wakamba. Wangu anaishi ng'ambo ya Mto Athi, Kitui kusini, ukishapita Ikutha unaelekea Mutomo. Simu yake ni mulika mwizi, haichezi vidio. Lakini binamu yangu anayeishi naye ana simu ya maana, na aliona ni vizuri Susu aone mjukuu wake amekuwa mtu. Akamchezea. Kiswahili changu kile cha haraka Susu hakukishika chote, kwa hivyo binamu akamtafsiria kwa Kikamba. Mionzi. Sumu. Eksirei. Inabaki.

Miezi miwili baadaye gari la afya lilikuja soko la karibu na kwao. Lilikuwa na mashine ya eksirei ndani, wanapima kifua bure. Mhudumu wa afya ya jamii alipita boma kwa boma akiita wenye kikohozi. Susu alikuwa anakohoa. Alimjibu yule mama hivi, na binamu alikuwa amesimama hapo: "Mimi siendi. Mjukuu wangu alisomea hizo vitu chuo kikuu. Amesema zinabaki mwilini."

Sasa niwaambie ukweli wa hiyo "alisomea".

Nilisoma fizikia miaka miwili na wiki sita. Mwaka wa tatu niliuingia na deni la karo, deni likakua, mimi nikarudi Wote. Sijawahi kuweka hii wazi hapa, kwa sababu watu hukuamini zaidi wakidhani ulimaliza. Mtu aliyeacha chuo ana njaa mbili. Ya kwanza ni ya kodi ya nyumba. Ya pili ni ya kuonekana bado anajua kitu. Ile vidio ilishibisha zote mbili kwa wiki moja. Maneno yenyewe niliyatoa kwa klipu ya msee mwingine, nikayaweka kwa Kiswahili, nikaongeza mlingoti. Sikusoma hata ukurasa mmoja.

Binamu alinipigia Jumapili usiku, wiki tatu baada ya lile gari kuondoka. Susu amekonda. Usiku anatokwa na jasho mpaka shuka inaloa. Na asubuhi hiyo ametema damu. "Na bado anakataa hospitali. Anasema wewe ndiye ulimwonya."

Ilikuwa bado masaa sita kabla ya matatu ya kwanza. Sikuweza kulala. Nikafungua sanduku langu la chuma la shule ya upili, nikatoa daftari langu la mwisho la chuo. Sijui nilikuwa natafuta nini. Labda nilitaka kuona kama kuna kitu nilikuwa najua kweli. Ukurasa wa mwisho wenye maandishi ni wa somo la wiki ile ile niliyoondoka. Juu nimeandika: leza kali ikikutana na plasma, mionzi inatoka. Chini yake kuna mistari minne, mchoro wa tone na mshale, halafu weupe. Masomo yangu yaliishia hapo.

Basi nikakaa na simu, nikaumalizia ule ukurasa. Nitawapa kama nilivyoupata, kwa sababu usiku huo ndio ulinionyesha ujinga wangu vizuri.

Tuanze na plasma. Gesi ukiipa nguvu nyingi sana, atomu zake zinavuliwa elektroni, na unabaki na mchanganyiko wa chaji unaong'aa. Hiyo ndiyo plasma. Jua ni plasma. Radi ile inayopasua anga mvua za Novemba zikianza ni plasma. Na ukipita mahali pa jua kali pale Emali ukaona fundi anachomelea geti, ile nyota nyeupe ya buluu kwenye ncha ya kijiti ni plasma pia.

Mjomba wangu, kifungua mimba wa Susu, ni fundi wa kuchomelea. Akiwa kijana hakuwa na kinga ya macho. Aliangalia ule moto siku nzima, akaja nyumbani akiwa sawa, na usiku wa manane akaamka akilia macho yamejaa mchanga. Hakukuwa na mchanga. Ile plasma hutoa miale ya urujuanimno, mwanga usiouona, na huo unaunguza ngozi ya mbele ya jicho. Maumivu huja masaa kadhaa baadaye, ndiyo maana msee anadhani amepona kumbe bado. Mafundi wote wanaijua hiyo kitu. Sijawahi kuona mtu ameitengenezea vidio ya kutisha.

Sasa hiyo ni plasma ya umeme. Leza nayo inaweza kutengeneza plasma, na hapa ndipo mambo yanakuwa makubwa.

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman, Marekani, mwaka 1960. Kwa miaka mingi shida ilikuwa moja: ukiongeza nguvu sana, mwanga unapasua vioo vya mashine yako mwenyewe. Mwaka 1985 Donna Strickland, akiwa bado mwanafunzi, na mwalimu wake Gérard Mourou wakapata njia. Unachukua pigo fupi la mwanga, unalinyoosha liwe refu na dhaifu, unaliongezea nguvu polepole, halafu mwisho unalibana tena liwe fupi. Nguvu yote inatoka mara moja, lakini nje, mahali haiharibu mashine. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Nilikaa na hiyo "akiwa bado mwanafunzi" kidogo, nikaendelea.

Ukilenga leza kali kwenye kitu, chochote kile, uso wake unageuka plasma kwa muda mfupi kuliko unavyoweza kupepesa jicho. Na plasma hiyo haikai kimya. Inatoa mwanga wake yenyewe. Kutegemea ulipiga nini na kwa nguvu gani, unaweza kupata mwanga wa kawaida, urujuanimno au eksirei. Hiyo yote inaitwa mionzi. Mwanga wa koroboi ni mionzi. Mawimbi ya ule mlingoti niliosimama kando yake ni mionzi, na hayana nguvu ya kuvua atomu hata elektroni moja. Eksirei inayo. Mimi niliviweka vyote kwenye gunia moja, nikaandika sumu.

Halafu nikafika kwa kitu kilichonikalisha chini. Ule mchoro wa tone na mshale.

Kuna kampuni Uholanzi inaitwa ASML. Inatengeneza mashine za kuchapa chipu, na moja inauzwa zaidi ya dola milioni 100. Ndani ya mashine, matone ya bati yaliyoyeyushwa yanadondoshwa kwenye ombwe, mahali hakuna hewa. Bati hapa si mabati ya paa. Ni ile metali laini iliyo kwenye waya ambao fundi wa simu anauyeyusha juu ya bodi. Kila tone ni jembamba kuliko unywele. Yanadondoka matone 50,000 kwa sekunde, na leza inapiga kila moja mara mbili. Pigo la kwanza linalipondaponda liwe bapa kama chapati. La pili linaligeuza plasma yenye joto karibu mara 40 ya uso wa jua. Plasma hiyo inatoa mwanga wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanomita 13.5. Mwanga ambao jicho lako linauona unaanza kama nanomita 400. Huu ni mwembamba hivi kwamba hewa ya kawaida inaumeza wote, na hata lenzi ya kioo inaumeza, kwa hivyo unaongozwa kwa vioo maalum vya kuakisi mpaka ufike kwenye silikoni. Hapo unachora mistari midogo ya chipu. Wino mwembamba, mistari myembamba. Ndiyo siri yote.

Nikaangalia simu mkononi. Ni iPhone 12, ile ya mtumba tunaita "ex-UK", niliyoilipa kidogo kidogo miezi saba. Chipu yake ilitengenezwa Taiwan na TSMC kwa teknolojia ya nanomita 5, na mistari yake ya ndani kabisa ilichapwa kwa mwanga huo wa plasma ya bati. Simu nyingi za bei ya chini hazina chipu ya namna hiyo. Yangu inayo.

Yaani manze, kifaa nilichoshika nikisema mionzi ni sumu kilizaliwa na mionzi. Bila leza kupiga plasma mahali fulani, singekuwa na hiyo simu ya kumtishia Susu.

Huku Makueni tuna Konza pale Malili. Tunaongea habari za teknolojia na data kila siku, kuna mpaka taasisi ya sayansi iliyopangiwa hapo kwa mkopo wa Korea Kusini. Lakini nyumbani neno mionzi bado ni jini. Na mimi ndiye nilikuwa naliuza.

Na msidhani hii ya leza na plasma ni ya Wazungu na Wataiwan pekee. Umewahi kumwaga chumvi kwenye moto wa gesi ukipika? Moto wa buluu unageuka njano. Ni sodiamu iliyo kwenye chumvi inajitaja kwa rangi yake. Kila elementi ina rangi zake, kama alama za vidole. Sasa piga jiwe au udongo kwa leza, sehemu ndogo sana igeuke plasma, halafu usome rangi zinazotoka. Utajua ndani kuna nini: chuma, shaba, kalsiamu, risasi. Chuo Kikuu cha Nairobi kuna wanafizikia wanaofanya kazi hiyo hiyo miaka mingi, akiwemo Profesa Hudson Angeyo, na wamechapisha tafiti kuhusu kuchunguza sampuli za mazingira kwa njia hiyo. Njia hiyo ndiyo ilipelekwa Mars. Roboti inayoitwa Curiosity, iliyotua huko Agosti 2012, ina leza inayopiga mawe yaliyo hadi mita 7 mbele yake na kusoma mwanga wa plasma. Kule hakuna mtu wa kuokota jiwe, kwa hivyo wanasoma mwanga tu.

Nikiwa mwaka wa pili nilikuwa na ndoto ya kurudi na mashine kama hiyo Kitui kusini, nisome udongo wa mashamba ya kwetu. Nilikuwa nimeisahau hiyo ndoto kabisa.

Kitu cha mwisho nilichosoma usiku huo kilinirudisha kwa kifua cha Susu. Mwaka 1979 Toshiki Tajima na John Dawson waliandika wazo: pigo fupi la leza likipita ndani ya plasma linaacha mawimbi nyuma yake, kama boti inavyoacha mawimbi kwenye bwawa la Masinga. Elektroni zinaweza kupanda hayo mawimbi na kwenda kasi ya ajabu kwa umbali mfupi sana. Na zikiwa zinakimbia zinatikisika, na katika kutikisika zinatoa eksirei kali, iliyotoka mahali padogo sana. Chanzo kikiwa kidogo, picha inakuwa safi. Mwaka 2015 watafiti Uingereza walichapisha picha za ndani ya mfupa wa binadamu walizopiga kwa eksirei ya namna hiyo. Haijafika hospitali zetu. Mashine za kwetu bado zinatumia njia ya zamani, elektroni zinagongeshwa kwenye metali, mambo ambayo Wilhelm Röntgen aliyaona mara ya kwanza mwaka 1895. Lakini ni mwanga wa ukoo mmoja. Ukiuzima, umeisha.

Ukiuzima, umeisha. Niliandika hiyo kwenye daftari, chini ya mistari minne. Saa kumi na moja nilikuwa stegi.

Wote, Emali, halafu Mombasa Road mpaka Kibwezi. Hapo nikabadilisha gari, tukavuka Athi, Ikutha, nikashuka, nikachukua boda. Nilifika jua likiwa juu. Susu alikuwa chini ya mwembe, amejifunga leso mbili kwenye joto lile. Mkono wake nilipoushika ulikuwa mwepesi kama wa mtoto.

Nilikuwa nimepanga hotuba. Nilikuwa na leza, nilikuwa na bati, nilikuwa na Tuzo ya Nobel. Nikasema tu: "Susu, ile kitu nilisema kwa simu ilikuwa uongo."

Akaniangalia. "Ulidanganya, ama hukujua?"

"Sikujua. Lakini niliongea kama najua."

"Hiyo ni mbaya zaidi," akasema. Kisha akakohoa kwa muda mrefu, na mimi nikaangalia chini.

Alipopumzika akauliza leo nimejuaje, kama jana sikujua. Swali halali. Nikamwambia nimesoma usiku kucha. Nikamkumbusha ule usiku wa mjomba na macho yake. Aliukumbuka vizuri kuniliko, yeye ndiye alimwekea viazi vibichi vilivyokatwa machoni mpaka asubuhi.

"Ile iliyomchoma ilikuwa mionzi, Susu. Ilibaki ndani yake?"

"Macho yalipona."

"Ukizima koroboi usiku, mwanga unaenda wapi?"

"Unaisha."

"Hata hii ya hospitali. Wakizima, imeisha. Haibaki."

Alifikiri. Msidhani wazee wetu hawafikirii. Swali lake lililofuata hakuna mtu hata mmoja aliyeniuliza kati ya wale 61,000. "Na kama ilimchoma mjomba wako macho, kwa nini isinichome kifua?"

Nikamwambia ni kiasi. Mjomba aliangalia moto kutwa nzima. Picha ya kifua ni chini ya sekunde moja. Sikumwambia haina madhara kabisa, kwa sababu eksirei nyingi inaweza kudhuru, ndiyo maana anayepiga picha husimama nyuma ya ukuta, yeye anapiga watu kila siku. Ndiyo maana pia nchi ina mamlaka ya nyuklia, iliyoundwa kwa sheria ya 2019, inayotoa leseni za hizo mashine. Lakini picha moja ya kifua inakupa kiasi kinachokaribia kile unachopata kwa siku kumi hivi za kuishi tu, kutoka ardhini, kwenye mawe na angani.

"Hata mawe?" Akaangalia yale mawe matatu ya jiko lake.

"Hata mawe. Hata nzuu unazokula zina kidogo."

Akacheka, kikohozi kikamkatiza. Halafu akamwambia binamu: "Nitafutie viatu."

Tulimvalisha barakoa. Ndani ya matatu tukafungua madirisha yote na kuomba watu radhi kwa vumbi. Hospitalini foleni ilikuwa ndefu. Alipoingia kwenye chumba cha eksirei alinipa leso yake nimshikie, kama mtu anayeingia mtoni. Alitoka kabla sijamaliza kuikunja. "Imeisha?" akaniuliza. "Imeisha."

Aliomba kuonyeshwa picha. Yule dada wa eksirei, Mungu ambariki, akamgeuzia skrini. Susu akaisogelea. "Kumbe mbavu zangu zote bado ziko," akasema. Upande wa juu wa pafu la kulia kulikuwa na wingu jeupe. Makohozi yakapimwa, wakathibitisha. Kifua kikuu. Kinatibika, dawa ni miezi sita, na katika hospitali za umma ni bure.

Ningependa kumalizia hapo, lakini sitawadanganya mara ya pili.

Binamu yangu ana mtoto wa miaka mitatu. Zile wiki tatu, tangu gari la afya lije hadi nilipofika, huyo mtoto alikuwa analala kitanda kimoja na Susu, kwa sababu Susu ndiye anayemlaza. Daktari aliposikia akasema aletwe. Hakuwa mgonjwa, lakini wamemweka kwenye dawa za kumkinga. Anatemea mama yake dawa kila siku. Binamu hajanilaumu hata siku moja. Ananitumia tu vidio za mtoto akikataa dawa, bila maneno.

Ile vidio yangu nimeifuta. Haijasaidia sana, imeshafowadiwa kwa magrupu, naiona ikirudi kwangu na maandishi ya watu wengine juu. Nilitengeneza nyingine ya kurekebisha, nikasema jina langu, nikasema nilikosea, nikaeleza eksirei ya kifua ni nini. Imetazamwa na watu 2,300. Ndivyo hii kazi yetu ilivyo. Woga unasafiri na ndege, masahihisho yanakuja na punda. Sasa mimi najua hivyo, kwa hivyo nikichagua ndege tena siwezi kujitetea.

Kwa wale wenzangu mnaotengeneza vitu hapa mtandaoni, na wale mnaobonyeza "tuma kwa wote". Siwaambii mmalize chuo, mimi mwenyewe sijamaliza. Nawaambia ukisikia neno mionzi, uliza maswali matatu kabla ya kuogopa na kabla ya kuogofya. Mionzi gani? Kiasi gani? Na usipoikubali, unapoteza nini? Lile la tatu ndilo nililiruka, na Susu karibu alipie yeye. Lile la kwanza ungelijua hata kwa fundi wa Emali: kama lazima uogope mionzi leo, ogopa ile ya kuchomelea, nunua kinga ya macho, na umwambie na yule kijana anayemshikia fundi geti.

Na kama kuna mtu nyumbani kwenu amekohoa zaidi ya wiki mbili, mpeleke akapimwe. Usingoje gari lirudi.

Susu yuko mwezi wa tano wa dawa. Amenona kidogo, amerudi shambani ingawa tulimkataza. Wiki iliyopita aliniomba nimwonyeshe "yale matone". Nikamtafutia vidio ya mashine ya ASML, tukaangalia pamoja chini ya mwembe kwenye hiyo hiyo iPhone 12, bati likidondoka na kuwaka. Aliangalia mpaka mwisho. Halafu akaniuliza kama hiyo niliisoma mwenyewe ama nimetoa kwa mtu.

"Nimeisoma, Susu."

"Haya," akasema. "Rudisha, nione tena."